Udongo Unaolipuka na Macho Yanayopanda Utosini: Tunawajibu Walimu wa Sanaa

Mwezi huu nafasi yote tumewapa wanaofundisha sanamu na uchoraji vyuoni.

Shikamooni wahariri. Nafundisha sanamu katika chuo cha sanaa. Tulichoma vichwa 9 vya udongo, 5 vikalipuka tanurini. Naambiwa ni mapovu ya hewa, lakini udongo tuliukanda vizuri sana. Tulikosea wapi? (Mwalimu, Tanga)

Marahaba, mwalimu. Hewa peke yake hailipui sanamu. Kinacholipua ni maji. Udongo unaoonekana mkavu kwa nje huweza kubaki na unyevu ndani, na joto likipita nyuzi 100 unyevu huo hugeuka mvuke unaotaka nafasi karibu mara 1,700 ya maji yenyewe. Ukuta ukiwa mnene, mvuke hauna pa kutokea. Povu la hewa huwa na madhara pale tu linapohifadhi unyevu.

Kabla hujafagia vipande, visome. Vigae vilivyorushwa huku na huku, na shimo lililobaki kama bakuli, ni kazi ya mvuke. Ufa mpana unaoanzia ukingoni na kuzidi kuwa mwembamba ni wa kukauka kusiko sawa. Ufa mwembamba kama uzi, wenye kingo kali, mara nyingi ni wa kupoa haraka: mtu alikuwa na hamu akafungua tanuri mapema.

Sasa dawa. Changanya udongo na vigae vilivyosagwa, kama wanavyofanya wafinyanzi wetu wa vyungu; kiasi cha robo ya udongo kinatosha kwa sanamu ya ukubwa wa kichwa. Vigae havisinyai tena, na huacha vinjia vya unyevu kutoka. Nguzo ya mbao inayobeba kichwa izungushiwe magazeti mengi, kwa sababu udongo husinyaa na mbao haisinyai. Usipoweka magazeti, shingo itapasuka hata kabla ya tanuri.

Udongo ukishakuwa mgumu kama ngozi, kata utosi kwa waya, ondoa nguzo, kisha komba ndani mpaka ukuta ubaki sentimita 1.5 hadi 2 kila mahali. Pua na kidevu ndizo sehemu zinazosahaulika. Ingiza kidole upime. Rudisha utosi kwa kuchanachana kingo zote mbili na kupaka uji wa udongo uleule, na uache tundu chini ya shingo. Funika kwa nailoni iliyolegezwa kwa wiki 2 hadi 3. Kwa hewa ya pwani, zaidi. Kipimo ni shavu lako: gusisha sanamu, ukihisi ubaridi, bado kuna maji.

Tanurini, kaa kati ya nyuzi 80 na 90 usiku kucha, tundu la moshi likiwa wazi. Baada ya hapo panda kama nyuzi 100 kwa saa, na usiwe na haraka karibu na nyuzi 573, kwa kuwa hapo chembe za mchanga hubadilika umbo na kuvimba ghafla. Udongo mwekundu mwingi huiva kati ya nyuzi 900 na 1,000. Usifungue mpaka joto lishuke chini ya 100.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huchora macho juu mno na mikono midogo. Nikiwarekebishia wanaelewa, kesho yake wanarudia. Halafu mkaa wa kuchorea ni ghali. (Mkufunzi, Nairobi)

Wanarudia kwa sababu uliona wewe, hawakuona wao. Penseli yako isiguse karatasi ya mwanafunzi; ukitaka kuonyesha jambo, chora pembeni au kwenye karatasi yako.

Macho hupanda juu kwa kuwa akili hujali uso na kudharau fuvu. Mpe penseli, anyooshe mkono bila kukunja kiwiko, afumbe jicho moja, apime kutoka utosini hadi kwenye jicho, kisha kutoka jicho hadi kidevuni. Atakuta vipimo hivyo viwili vinakaribiana. Akiligundua mwenyewe halitamtoka. Kiwiko kikikunjwa, kila kipimo huwa na umbali wake, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kuhusu mikono: kiganja na vidole vikiwekwa usoni hufika kutoka kidevuni hadi karibu na mwanzo wa nywele. Waweke mikono yao usoni, darasa zima.

Funga jiwe kwenye uzi uwe timazi, ulining'inize mbele ya anayechorwa. Mtu aliyesimama akiegemeza uzito wake kwenye mguu mmoja, shimo la koo lake huangukia karibu na kifundo cha mguu huo. Mchoro unaokiuka hilo huonekana kama unaanguka, na mwanafunzi hajui kwa nini.

Kwa kipindi cha saa 3, anza na michoro 10 ya dakika moja moja, kisha 4 ya dakika 5, ndipo mmoja mrefu. Ule mrefu ukitangulia, wataanza na kope.

Mkaa tengenezeni. Vijiti vinyofu vya mti laini, unene wa penseli, vimenywe na vikaushwe. Vishindilieni katika kopo la bati lenye mfuniko uliotobolewa tundu moja la msumari, mliweke kwenye makaa. Moshi ukikoma tunduni, kama baada ya saa moja, litoeni. Lisifunguliwe likiwa la moto. Hewa ikiingia vijiti vitawaka na kuwa majivu.

Je, ni sawa wanaoanza kuchonga waanze na mpingo? (Msomaji, Mtwara)

Hapana. Mpingo ni mzito hadi huzama majini, na patasi isiyonolewa vizuri huteleza juu yake na kuingia mkononi. Waanze na mwembe au mjakaranda, wajifunze kwanza kusoma nyuzi za mti na kunoa. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo wakati wa msasa barakoa ni lazima.

Nina stashahada ya sanaa, nachora na kuchonga. Nifanyeje nipate kazi ya kufundisha chuoni? (Kijana, Morogoro)

Njia hii ina historia kwetu. Gregory Maloba, Mkenya aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala wa 1962, alikuwa mwanafunzi wa Margaret Trowell, mwanzilishi wa mafunzo ya sanaa pale Makerere, kisha akawa mwalimu hapo hapo. Leo vyuo vikuu hutaka shahada ya uzamili kwa mhadhiri msaidizi, kwa hiyo panga kuendelea na masomo. Wakati huo tafuta nafasi ya kusaidia karakana ya chuo. Anayejua kuchoma tanuri na kunoa patasi huhitajika.

Katika jalada lako, yaani mkusanyo wa kazi utakazowaonyesha chuoni, weka michoro 10 hivi ya kutazama vitu halisi, si ya kunakili picha za simu. Sanamu 5 au 6 zinatosha, kila moja ipigwe picha kutoka pande 3, na vipimo pamoja na malighafi viandikwe. Ongeza andalio la somo moja lenye gharama ya vifaa kwa wanafunzi 20, jambo ambalo waombaji wengi hulisahau.

Ukiitwa kufundisha somo la majaribio, chagua dogo: kupima kiti kwa penseli. Dakika 5 za maelezo, 15 za kuchora, na zilizobaki zunguka ukiuliza kila mmoja, "Mguu huu umeupima na nini?"