Fomu ya daktari ya kidato cha tano: wengu unapimwa wa nini?

SWALI: Dokta habari. Kijana wangu kapangiwa bweni kidato cha tano. Kwenye fomu za kujiunga kuna karatasi ya daktari inataka damu, choo, kaswende, TB, macho, masikio, kifua, wengu, tumbo. Ana sikoseli. Jamaa wa duka la dawa anasema nimpe elfu kumi agonge muhuri bila kupima, na sikoseli tusiiandike wasije wakamkataa. Halafu huo wengu ndo nini?

JIBU: Salama mama. Naanza na sikoseli maana ndo imenishtua. Iandike, na usifiche kitu. Ile karatasi sio mtihani wa kufaulu na kufeli, pale chini kuna nafasi ya magonjwa sugu na ya kurithi, imewekwa kwa ajili ya watoto kama wako. Sasa piga picha hii: saa nane usiku bwenini kijana analia miguu inamuuma, patroni hana habari anamwambia acha kudeka, alfajiri anatolewa mchakamchaka kwenye baridi hata maji hajanywa. Mpe nesi wa shule kopi ya kadi ya kliniki, na uwaambie kabisa huyu akipata homa ni hospitali, sio panadol kwanza.

Wengu ndo bandama, uko kushoto chini ya mbavu na kwa kawaida haushikiki. Tunamlaza chali, tunabonyeza huku anavuta pumzi, ukigusa vidole ujue umevimba, inaweza kuwa malaria ya mara kwa mara au kichocho cha tumbo, hiki tunakiona sana kwa watoto wa Kanda ya Ziwa. Wenye sikoseli wengi umri huo wengu umeshasinyaa, hausaidii tena kupambana na vijidudu, ndo maana homa kwao sio ya kuchezea.

Choo apeleke cha asubuhi ileile, kikilala kwenye kikopo nusu siku amiba hatuwaoni tena. Wakitaka na mkojo wa kichocho, mzuri ni wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. TB sio lazima eksirei, anaulizwa kikohozi cha wiki mbili, homa, jasho la usiku, kupungua uzito, ikiwepo dalili ndo makohozi yanapimwa. Kaswende ni tone la damu ya kidoleni tu.

Macho watu wanayadharau. Anasimama mita 6 kutoka kwenye chati, anaziba jicho moja. Kuna kijana alikuwa mwisho wa foleni akakariri herufi kwa kuwasikia wenzie, akanisomea kama kasuku, nikamwambia haya anzia kulia, akakwama mstari wa tatu. Miaka yote anakaa nyuma darasani!

Huyo wa duka la dawa achana nae, fomu inajazwa na daktari, na muhuri ni wa hospitali. Nenda ya wilaya wiki mbili kabla ya kuripoti, siku za mwisho foleni inafika getini.