Usimnunulie mdogo wako cheti cha afya cha mgodini

Ndugu uliyeuliza, umeandika kwamba mdogo wako ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne, amepata nafasi ya kushuka mgodini Mirerani, na msimamizi anataka cheti cha afya kabla ya Jumatatu. Umeomba uelekezwe mahali hapa Arusha ambapo cheti hutoka siku hiyo hiyo kwa bei nafuu, kisha ukaulizia nauli, malazi na vifaa vya kwenda navyo. Nimeisoma habari yako mara mbili na usingizi umeniruka. Usikinunue hicho cheti.

Miaka minne iliyopita nilisimama pale pale unaposimama leo. Kijana alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, naye alikuwa na miaka 19. Dalali mmoja aliyekuwa akiwatafutia vijana kazi za migodini alinipeleka kwenye zahanati ya uchochoroni, akaniapia kwamba kila mtu hufanya hivyo. Nililipa shilingi 25,000 dirishani, na baada ya dakika kumi nikakabidhiwa karatasi ambayo mhuri wake ulisomeka vizuri kuliko mwandiko. Mpwa wangu hakuvuliwa hata shati. Hakuna aliyemsikiliza kifua, wala aliyemuuliza kama nyumbani kwao kuna mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu, na jibu lingekuwa ndiyo, kwa kuwa yeye ndiye aliyemuuguza babu yake. Kwa kasi ile nina hakika hata mimi na kitambi changu ningethibitishwa kuwa ninafaa kuchoronga mwamba. Mnaotaka kunicheka mnaruhusiwa, ila mjue kwamba dada yangu alikwishawatangulia kunisema, na yeye hakuwa akicheka.

Baada ya miezi minane kijana alikuwa akikohoa usiku kucha na suruali zake zilishikiliwa kwa kamba. Tulimpeleka Hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, akakutwa na kifua kikuu, na juu ya hicho makovu ya mapafu ambayo daktari hakuweza kusema ni ya tangu lini. Akaniuliza ilipo picha ya kwanza ya eksirei, ile aliyopigwa kabla ya kuanza kazi. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekinunua. Vumbi la mwamba lenye silika, likivutwa siku baada ya siku, huyaachia mapafu makovu, na mapafu yenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi; lakini bila picha ya mwanzo ni vigumu mno kutenganisha alichoshuka nacho na alichokipata huko chini. Mwenye mgodi alishikilia kwamba kijana alikuja na kifua chake kutoka nyumbani. Nilipomtolea cheti kinachosema mapafu ni mazima, alipiga simu kwenye zahanati ile mbele yangu, na katika daftari lao jina la mpwa wangu halikuwamo. Akaongeza kwamba wanaapolo, yaani vijana wachimbaji wanaoshuka shimoni, si waajiriwa wake, kwa kuwa hawalipwi mshahara bali hupata mgao jiwe likitoka, na madai yangu ya fidia yakafia pale pale sebuleni kwake, nikiwa nimeishika soda aliyoninunulia yeye.

Mchangiaji aliyekujibu kabla yangu, kwamba mtu akishatimiza miaka 18 hana haja ya kupimwa, amechanganya mambo mawili. Miaka 18 ni umri ambao chini yake Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtoto kuajiriwa mgodini. Kupimwa ni habari nyingine. Mkataba namba 124 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1965 mahsusi kwa vijana wanaofanya kazi chini ya ardhi, unataka kila aliye chini ya miaka 21 achunguzwe kwa kina kabla ya kuanza, na arudiwe katika vipindi visivyozidi mwaka mmoja. Eksirei ya mapafu ni lazima katika uchunguzi wa kwanza, na gharama haimhusu kijana, mzazi wala mlezi wake. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inadai uchunguzi kabla ya kazi na mwingine wa mara kwa mara. Dalali yule aliyafahamu haya yote vizuri, maana nilipomrudia alinieleza kwa utulivu kwamba eksirei "ingechelewesha kijana". Bado namwona mjini akiwa na vijana wengine, na kila mara huvuka barabara akiniona.

Kwa hiyo picha ya mapafu itangulie, cheti kifuate. Mwambie msimamizi kwamba gharama ni ya mwenye mgodi. Akigoma, na huenda akagoma, basi heri ulipie eksirei hospitalini kwa fedha zako kuliko kuilipia karatasi. Nafasi ikipewa mwingine, na ipewe. Mpwa wangu alimeza dawa miezi sita akapona kifua kikuu, lakini makovu hayakuondoka, na sasa anauza vocha Moshi kwa sababu ndiyo kazi anayoiweza akiwa amekaa.

Filamu ya eksirei ikitoka, hakikisha jina na tarehe vinasomeka, ipige picha kwa simu, na ile yenyewe ibaki nyumbani kwenu. Msimamizi mpelekeeni cheti cha kufaa kazi peke yake; Mkataba ule ule namba 124 hautaki cheti cha kijana kibebe taarifa zake za matibabu.