Hema la kuvizia kulungu kwenye ardhi ya umma: lifiche, usingoje walizoee

Ushauri mwingi wa kuwinda kulungu kwa upinde kutoka ndani ya hema umetoka kwa watu wenye mashamba yao. Watakuambia ulisimamishe Agosti, uliache hapo, kulungu watapita na kulinusa, na baada ya wiki mbili tatu watalichukulia kama robota la nyasi. Kwa mwenye shamba ni kweli. Kwa anayewinda kwenye ardhi ya umma ni ushauri wa kumpotezea msimu mzima.

Tuchukue Wisconsin, jimbo la Marekani ambalo uwindaji wa kulungu ni kama sikukuu. Kwenye ardhi za idara ya maliasili ya jimbo, hema la kuvizia halilali porini. Saa za kuwinda zikiisha, unalikunja na kuondoka nalo. Lazima liwe na jina na anwani yako, au namba uliyopewa na idara, karibu na mlango. Msimu wa bunduki ukifika, hata wewe mwenye upinde unapaswa kuvaa rangi ya chungwa kali au waridi kali, na hema lenyewe lionyeshe angalau inchi za mraba 144 za rangi hiyo kila upande, yaani kitambaa cha futi moja kwa futi moja. Msitu wa taifa wa Chequamegon-Nicolet, ulioko kaskazini mwa jimbo hilohilo, una kanuni za serikali kuu, na misitu ya kaunti ina za kwake. Soma kijitabu cha mwaka huu, si cha mwaka jana.

Kwa hiyo kila ukifika porini, hema lako ni kitu kigeni. Kulungu hawatapata muda wa kulizoea. Kinachobaki ni wasilione kabisa, au walione wakiwa tayari wako kwenye yadi 18 na wewe umeshavuta upote.

(Neno moja kwanza. Tunasema kulungu kwa mazoea, lakini kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine, mwenye pembe za kudumu. Huyu wa mkia mweupe wa Marekani hudondosha pembe kila mwaka baada ya majira ya kupandana na kuota mpya. Ndugu yake wa karibu zaidi kwenye Kiswahili ni ayala wa Zaburi. Ila ukimwambia mwenzako “nimepata ayala” atadhani umetoka kanisani.)

Chagua kichaka kabla ya kuchagua njia

Wengi hutafuta njia ya kulungu yenye nyayo nyingi, kisha wanapachika hema pembeni yake. Geuza mpangilio huo. Tafuta kwanza mahali panapoweza kumeza hema, kisha uulize kama kuna njia umbali wa yadi 15 hadi 22. Mti ulioanguka na mizizi yake juu ni mahali bora kuliko pote. Mwerezi wenye matawi hadi chini unafaa. Ukingo wa kinamasi wenye vichaka vya kufika kifuani unafaa pia. Unachohitaji ni kitu nyuma ya hema kinachozidi urefu wake, maana kinachomshtua kulungu ni umbo, ule mgongo wa mviringo unaosimama peke yake dhidi ya anga.

Usikate matawi mabichi. Kwenye ardhi nyingi za umma ni kosa, na hata pasipo kosa majani yaliyokatwa hunyauka na kubadilika rangi. Okota matawi makavu yaliyolala chini. Kumi na mawili hadi kumi na matano yanatosha. Yaegemeze kwenye kona na kwenye ukingo wa paa, usifunike kuta zote, kwa sababu kona na paa ndivyo vinavyochora umbo. Vipachiko vya kitambaa ambavyo mahema mengi huwa navyo kwenye mishono viliwekwa kwa kazi hiyo.

Angalia jua litakuwa wapi. Ukitazama mashariki asubuhi, mwanga unaingia dirishani na kukumulika kama uko jukwaani. Jioni, usitazame magharibi. Kaa upande wenye kivuli hata kama njia ya upande wa pili ina nyayo nyingi zaidi.

Oktoba mwanzoni, miti ya mwaloni mweupe inapodondosha mbegu, mahali pa jioni ni kati ya vichaka wanamolala na mialoni hiyo. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba madume yanatafuta majike, na hapo hamia kwenye mabana: sehemu ambapo kinamasi, ziwa au kilima vinawalazimisha wanyama kupita kwenye ukanda mwembamba. Watu wengi hawaendi mbali na maegesho, kwa hiyo kutembea kilomita moja kunalipa. Lakini usidharau kipande kidogo kilicho nyuma kabisa ya barabara ambacho kila mtu anakipita kwa gari akikimbilia mbali. Nacho kinalala kulungu.

Uzito, harufu na kelele

Hema la watu wawili la kufunguka lenyewe lina kilo 7 hadi 10. Ongeza kiti, upinde, podo na maji, na mwendo wa kilomita moja gizani unakuwa kazi ya kutoa jasho, na jasho ndilo harufu. Tembea polepole ukiwa umevaa nguo nyepesi, vaa jaketi ukishafika. Kama unakwenda mbali, acha hema nyumbani na ubebe pazia la vigingi vinne, lisilo na paa, la kilo 2 au 3. Linakuficha kutoka kifuani kwenda chini na linaingia kichakani vizuri zaidi, ila halikuzuii upepo wala kuficha mkono unaovuta upote. Kwa mtu mmoja kwenye ardhi ya umma, pazia hilo mara nyingi ni bora kuliko hema. Wauzaji hawatakuambia.

Hema jipya linanuka dawa ya kitambaa. Lining'inize nje wiki mbili, kwenye mvua na jua, kabla ya msimu.

Ukishalisimamisha, jambo la kwanza ndani ni kufagia. Ondoa majani yote hadi udongo uonekane, eneo lote la miguu na kiti. Jani moja kavu chini ya kisigino wakati unageuka linatosha kuharibu asubuhi yako. Pigilia vigingi vyote hata kama hakuna upepo, kisha bana kitambaa kinacholegea kwa vibanio vya nguo, maana ukuta unaopigapiga huwafukuza kulungu kuliko rangi yoyote. Zipu zote unazozihitaji zifungue sasa.

Dirisha: hapa ndipo watu wanapokosea

Fungua dirisha moja au mawili ya mbele, basi. Ukifungua na ya nyuma, mwanga unapita na kivuli chako kinaonekana kikitikisika katikati. Ndani ya hema ni jeusi, kwa hiyo vaa nyeusi: fulana, glavu, kinyago cha uso. Mavazi ya madoadoa ya msituni hayana faida humo, na uso mweupe wa vumbi au mweusi unaong'aa kwa jasho vyote huakisi mwanga. Kaa nyuma, mgongo karibu na ukuta, si puani mwa dirisha.

Sasa hesabu ambayo imevunja mishale mingi. Kwenye upinde wa kapi, jicho lako linatazama kupitia tundu la kulengea lililoko kwenye upote, karibu inchi 4 juu ya mshale. Maana yake unaweza kumwona kulungu wazi, pini (kijiti cha kulengea kilicho mbele ya upinde) iko mahali pake, kumbe mshale wenyewe unaelekea kwenye kizingiti cha dirisha. Unaachia, kunasikika kishindo, hema linatikisika, na mshale umekwenda kusikojulikana. Kabla ya kupambazuka, vuta upote ukiwa umekaa, mshale ukiwa kwenye upinde, na utazame chembe, yaani ncha ya mshale, si pini. Kuwe na nafasi ya kiganja kizima kati ya chembe na kizingiti, kwa kila pembe unayotarajia kurusha. Ikikosekana, shusha dirisha au nyanyua kiti. Usijiambie kulungu atasimama pazuri.

Angalia pia ncha ya juu ya upinde isiguse paa, na kapi la chini lisiguse goti. Upinde wa inchi 30 hadi 32 kutoka kapi hadi kapi ni rahisi humo. Mrefu zaidi unasumbua. Kiti kinachozunguka bila kelele ni bora kuliko chenye mgongo wa kuegemea.

Wavu wa dirishani uondoe. Chembe zenye visu vya kufunguka zinaweza kufunguka kwenye wavu na kupotosha mshale. Wisconsin inataka chembe yenye upana wa angalau inchi 7/8 na upinde wa kuvuta angalau pauni 30. Kwa kulungu mzima, pauni 45 na kuendelea zinatoa nafasi zaidi ya mshale kutoka upande wa pili.

Ndani ya hema giza huingia mapema kuliko nje. Dakika za mwisho halali, utamwona kulungu lakini hutaiona pini. Weka tundu la kulengea lenye upana wa inchi 1/4, na kama bado huoni, siku hiyo imekwisha.

Fanya mazoezi ukiwa umekaa kwenye kiti hichohicho. Miji mingi inakataza kurusha mishale uani, kwa hiyo tafuta uwanja wa upinde.

Upepo

Hema halizuii harufu, linaichelewesha tu. Beba nyuzi laini za mbegu, zile za kama sufi, na uachie moja kila nusu saa uone inakokwenda. Asubuhi jua likipasha ardhi, hewa hupanda mteremko. Jioni ikipoa, inateremka bondeni kama maji. Upepo wa kukata, unaopita kutoka bega moja kwenda jingine, ndio mzuri: kulungu anakuja mbele yako na harufu inakwenda pembeni. Njia yako ya kuingia isikate njia yao. Hata ukiwa na hema zuri kiasi gani, ukipita juu ya nyayo zao umeshaandika jina lako.

Wengine watapita

Ardhi ni ya umma, watu watakuja, wengine na mbwa wa kuwindia ndege. Ukimwona mtu, ongea kwa sauti au washa tochi. Usipunge mkono dirishani, maana mkono unaotikisika ni kitu cha kulengwa. Kitambaa cha chungwa kali juu ya paa kiache hata pale sheria haikidai. Kulungu haoni rangi hiyo kama sisi. Anaona vizuri bluu, na ndiyo sababu nguo zilizofuliwa kwa sabuni ya kung'arisha humshtua zaidi ya chungwa.

Mshale

Mpaka ni yadi 25. Sababu ni hesabu: mshale wa kasi ya futi 280 kwa sekunde hufika yadi 20 kwa karibu sekunde 0.21, na sauti ya upote imemfikia kwa 0.05. Anayo sekunde 0.16 ya kushtuka. Kwenye yadi 35 anayo 0.28, na hiyo inatosha kuchuchumaa ili aruke, mshale ukapita juu. Kulungu aliyeinua kichwa na kusimamisha masikio ni mbaya zaidi hata akiwa karibu. Ngoja ashushe kichwa.

Mrushie akiwa ubavu mzima, au kichwa kikielekea mbali nawe kidogo. Anayekutazama uso kwa uso, mwache. Lenga nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini ya kifua. Kutoka kwenye ulingo ulio juu ya mti mshale hutokea chini na damu inamwagika mara moja. Ukiwa chini mshale unapita sawasawa, damu inajaa kifuani kwanza, na alama zinaweza kuanza hatua nyingi mbele. Usikate tamaa ukikuta majani makavu hayana kitu.

Uangalie mshale. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu: ngoja nusu saa. Damu nyekundu iliyokolea ni ini: saa 4 au zaidi. Uchafu wa kijani wenye kunuka ni tumbo: toka kimya, rudi baada ya saa 8 hadi 12. Ukimfuata mapema ataamka na kuhamia ardhi ya mtu, na hapo unahitaji ruhusa ya mwenyewe.

Mwislamu atamke jina la Mungu wakati wa kuachia mshale, si baada ya kumwona ameanguka. Akimkuta bado hai, amchinje.

Wisconsin inataka umwandikishe kulungu uliyempata kabla ya saa 11 jioni ya siku inayofuata. Tangu 2002 jimbo lina ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, unaoshambulia ubongo, na idara hupima bure. Mnyama anaweza kuonekana mnene na mzima kabisa huku anao, kwa hiyo peleka sampuli. Mpaka majibu yarudi, nyama ikae kwenye friza, kila mfuko ukiwa na namba ya mnyama wake, usichanganye na wa mwenzako.