Unataka Kusoma Ubongo? Anza na Tumbo la Kaa

Wiki hii kijana mmoja wa Wete ameniandikia: "Kaka, nimemaliza digrii ya baiolojia, nataka kusoma ubongo, lakini kwetu hakuna mashine. Niache?" Usiache, mdogo wangu. Nakujibu hadharani kwa sababu juzi, alhamdulillah, nimekubaliwa kusoma uzamili, tena kwa mada ile ile iliyochekwa.

Nilipopeleka pendekezo la utafiti juu ya neva za kaa, mhadhiri mmoja alisoma kichwa cha habari tu, akasema mbele ya wenzangu: "Kaa ni kitoweo. Leta mada ya maana." Darasa zima lilicheka. Mpaka leo inaniuma.

Basi sikiliza alichokidharau. Tumboni mwa kaa na kamba mna meno ya kusagia chakula, na yanaendeshwa na fundo la neva, yaani kikundi cha seli za mishipa ya fahamu, lenye seli zipatazo 30 tu. Seli za namna hiyo ndizo zinazounda ubongo, ila hapa ni chache kiasi cha kuzijua zote. Ukilitoa pamoja na mishipa inayoliingia, ukaliweka kwenye maji ya chumvi yanayolifaa, linaendelea kupiga mdundo wa ishara za neva kwa saa nyingi ilhali mnyama hayupo tena. Midundo yenyewe ni miwili: wa haraka, karibu mara moja kwa sekunde, wa kuchuja na kusukuma chakula, na wa taratibu wa kusaga. Eve Marder wa Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, amelisomea fundo hili tangu ujana wake.

Mimi kilichoniteka ni ukuaji wake. Watafiti wa Ufaransa walichunguza viinitete (vichanga vilivyo bado ndani ya yai) vya kamba wa Ulaya, wakakuta seli zote zimo hata kabla yai kuanguliwa, ila zinapiga mdundo mmoja tu. Mtu angedhani ule wa pili huja mnyama akishakua. Mwaka 1999 walichapisha jibu: walipozuia ishara zinazoteremka kutoka mafundo mengine ya neva yaliyo mbele yake, kiinitete kilitoa midundo mbalimbali kama ya kamba mkubwa. Mitandao ya ukubwani ilikuwamo tangu yaini, imezuiwa isijitokeze. Usiku nilioisoma makala hiyo sikupata usingizi.

Kwa hiyo chagua kitu kidogo, ukijue chote. Vijana wa Unguja na Pemba tunakimbilia mada kubwa ili tuonekane wasomi, halafu hatuzimalizi. Acheni! Seli 30 zimewashughulisha wataalamu miaka zaidi ya hamsini na bado zina maswali. Kamba koche wetu ni wa jenasi Panulirus, sawa na kamba wa California aliyetumika katika tafiti nyingi za fundo hili. Nenda dikoni, nenda mikoko ya Chwaka, waulize wavuvi kaa wenye mayai huonekana msimu gani. Jifunze kupasua kwa mkono mtulivu. Kitu kidogo, nasema tena, kisha ukikalie.

Swali la kuanzia nakupa: ndani ya yai la kaa wa mikoko, mdundo wa kwanza wa tumbo huanza siku ya ngapi? Liandikie ukurasa mmoja, unitumie.