Kabla ya kununua winchi kubwa, mfunze anayeshuka na kamba

Karibu kila anayetaka kuanza kushindana kwenye mashindano ya magari ya winchi, ile mashine iliyofungwa kwenye gari ili kulivuta kwa kukunja kamba, huniuliza swali lilelile: ninunue winchi ya nguvu kiasi gani? Ni swali la haki, na hesabu yake nitaieleza. Lakini kwa muda wote niliokaa kwenye michezo hii, kwanza kama mwelekezi, yaani yule anayeshuka kuifunga kamba na kumwongoza dereva, na baadaye kama dereva, nimeona magari ya kawaida kabisa yakiyapita magari yenye winchi za mota mbili, na tofauti ilikuwa kwa yule anayeruka chini na kamba mkononi. Pointi nyingi hupotea gari likiwa limesimama: injini inanguruma, dereva ameshika rimoti, na mwenzake yuko mtini anapambana na pingu, kile kifungo cha kuunganisha kamba na mkanda, au anarudi mbio kufuata mkanda wa kuzungushia mti aliouacha kwenye kiti.

Kwa ambaye hajawahi kuyaona, mashindano haya yana sura zaidi ya moja. Iliyoenea ni ya kusaka vituo. Kwenye miti, kwenye mashimo na kingo za vijito huning'inizwa vitoboleo vidogo, kila kimoja na alama yake, na timu hupewa kadi na muda. Gari linapaswa kufika karibu kiasi kwamba mwelekezi anaweza kutoboa kadi huku mkono wake mmoja ukigusa gari. Sura nyingine ni ya njia fupi iliyozungushiwa utepe na fito, yenye mageti ya kupita kwa mpangilio na saa inayokimbia. Ukigusa fito unakatwa alama, ukikata utepe unakatwa zaidi. Rhino Charge ya Kenya, iliyoanza mwaka 1989, ina kipimo chake: vituo 13, saa 10, na mshindi ni aliyevipitia vyote kwa umbali mfupi kuliko wengine. Rainforest Challenge ya Malaysia, iliyoanza 1997, huwapeleka watu msituni wakati wa mvua kubwa. Soma kanuni za mashindano yako mpaka uzijue kwa moyo. Timu zinazoongoza hufutiwa matokeo kwa jambo dogo kama kuzungusha kamba mtini bila mkanda.

Tuje kwenye hesabu. Kanuni ya kawaida ni winchi yenye uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mizigo na watu wake. Gari la tani 2.5 linataka winchi ya kilo 3,750 kwenda juu, na winchi ya pauni 9,500 ambayo watu wengi wanayo huvuta kilo 4,300 hivi. Ila namba hiyo ni ya tabaka la kwanza la kamba, lile linalogusa dramu yenyewe, yaani silinda ambayo kamba hujikunja. Kila tabaka linaloongezeka hula asilimia 10 hadi 15 ya nguvu, maana kamba inavuta ikiwa mbali zaidi na kitovu. Kamba ikiwa imejaa kwenye dramu, robo hadi theluthi ya nguvu uliyoinunua haipo.

Sasa weka matope. Gari lililozama hadi katikati ya magurudumu hutaka mvuto unaokaribia uzito wake wote. Likizama hadi madigadi, mara mbili. Matope yakishapanda bodi, mara tatu, na mlima bado hujauongeza. Kwa hiyo lile gari la tani 2.5 lililozama hadi madigadi linataka tani 5, na mti uliouchagua uko mita sita mbele, kamba karibu yote iko kwenye dramu, winchi inatoa tani 3. Itanguruma, itapata moto, itasimama. Ukipitisha kamba kwenye kapi, yaani roda, iliyofungwa mtini na kuirudisha kwenye gari, mvuto unazidishwa mara mbili, ukitoa kidogo kinachopotea kwa msuguano. Na kwa kuwa umetoa kamba mara mbili ya umbali, umeshuka kwenye matabaka ya chini yenye nguvu zaidi. Hapohapo winchi ya kawaida imekuwa winchi ya zaidi ya tani 6. Kasi inapungua nusu, ni kweli. Ila kuvuta polepole mara moja kunashinda kuvuta kwa kasi na kukwama, kisha kushuka tena kwenda kufunga kapi ambayo ingefungwa tangu mwanzo.

Uamuzi huo wa kapi au bila kapi, mti wa karibu au wa mbali, unafanywa na mwelekezi kabla mguu wake haujagusa chini. Hicho ndicho kitu ninachokifundisha kwanza kwa mtu yeyote anayejiunga nasi. Akiwa bado kitini awe ameshajibu mambo matatu: gari litatokea wapi, mti upi unaelekeza huko, na kamba italala wapi ikikaza. La kwanza ndilo linalosahaulika. Watu hutazama kitoboleo na kulivuta gari hadi pale, kisha wanagundua wameingia kwenye shimo ambalo halina mti wowote upande wa kutokea. Mimi huanza kuisoma njia kutoka mwisho wake, nikirudi nyuma hadi mlangoni, na kama sioni njia ya kutoka bila kutumia dakika nyingi, kile kituo tunakiacha hata kama alama zake ni nyingi. Vituo vitatu vya alama za wastani mara nyingi vinapatikana ndani ya muda ambao kimoja kigumu kingeula wote.

Halafu kuna miguu na mikono yenyewe. Tafuteni uwanja wazi wenye miti michache, msimamishe gari, mfanye mzunguko mzima bila kushindana na yeyote: fungua klachi ya winchi, toa kamba, kimbia, zungusha mkanda, funga pingu, toa ishara, ondoka kwenye mstari, vuta, fungua, rudi. Rudieni mpaka msiwe na haja ya kuongea. Mzunguko huu ndio unaorudiwa siku nzima ya mashindano, tena ukiwa umelowa na pumzi imekwisha, kwa hiyo kila hatua unayoipunguza hapa inarudi kwako mara nyingi kule. Mkanda na pingu vikae kiunoni au begani mwa mwelekezi muda wote, visiwekwe ndani ya gari. Pingu za kamba zimetusaidia sana, kwa sababu ni nyepesi kukimbia nazo na hazina skrubu ya kudondoka matopeni. Ukitumia za chuma, kaza skrubu hadi mwisho kisha irudishe kidogo, robo ya mzunguko, isije ikaganda baada ya mvuto mzito.

Viatu vyenye meno ni muhimu kuliko tairi za bei kubwa, nasema hivyo kwa dhati. Mwelekezi anayeteleza kwenye ukingo anapoteza muda mrefu kuliko tairi linalozunguka bure. Na awe na mazoezi ya mwili, hasa ya kupanda kilima akiburuta kitu kizito. Glavu hazivuliwi.

Mazungumzo baina ya watu wawili hawa yawe ya mikono. Injini ina kelele, msitu una kelele, na watazamaji wanapiga makelele ya ushauri. Sisi tuna ishara chache tu: kidole kinachozunguka juu ni vuta, ngumi ni simama, kiganja kinachoelekea chini ni legeza. Dereva anamfuata mwelekezi peke yake, hata kama rafiki yake mkubwa yuko pembeni anapunga mkono. Asipomwona mwelekezi wake, havuti. Sheria hii haina msamaha hata kama saa imebaki na sekunde chache.

Hapa sitaharakisha, maana kamba iliyokaza inaua. Hakuna anayeiruka wala kuipita juu yake. Hakuna anayesimama sambamba nayo. Kamba ikipita kwenye kapi na kukunja kona, eneo lililo ndani ya ile kona ni la hatari kuliko yote: mkanda ukikatika, kapi inarushwa humohumo. Simama nje ya kona, mbali, penye mti mwingine wa kujikinga kama upo. Kumbuka pia kwamba kamba zikirudi sambamba, mkanda ulio mtini unabeba mara mbili ya mvuto wa kamba. Timu nyingi hununua kamba nzuri kisha hufunga kapi kwa pingu na mkanda vyenye uwezo wa kamba ile tu. Ni hapo ambapo vitu hukatika. Kila kinachoshika kapi kiwe na uwezo mara mbili. Na kamwe usivute kwa kutumia mpira wa kukokotea trela ulio nyuma ya gari. Haukuundwa kwa mishtuko hiyo, na ukivunjika unaruka kama risasi. Watu wamekufa hivyo. Vuta kutoka kwenye ndoano zilizofungwa kwenye chesi.

Mti nao uheshimiwe. Mkanda uwe mpana, ukae chini karibu na mizizi ambako shina lina nguvu, macho yake mawili yote yaingie kwenye pingu. Kamba tupu ikizungushwa huchuna ganda pande zote, na mti uliochunwa hivyo hufa. Waandaaji wanakodishiwa au kuazimwa maeneo haya na watu wenye ardhi; miti ikiharibiwa, mwaka ujao lango linafungwa. Mti mkavu au uliooza usiuguse. Pasipokuwa na mti, kuna nanga ya kuchimbia ardhini, na hapo mazoezi ni ya lazima kwa sababu kila udongo una tabia yake.

Kwenye mteremko wa ubavu, winchi ya mbele peke yake ni msaada wa nusu. Gari linavutwa mbele huku likitafuta kulala. Nashauri kamba ya pili iende upande wa juu wa kilima, ishikilie gari lisibiringike, na watu wawe na mikanda ya viti na helmeti muda wote wakiwa ndani. Magari yenye winchi nyuma pia yana faida kubwa hapa, kwani ile ya nyuma inaweza kulishikilia gari linaposhuka. Fremu ya chuma ya kulinda vichwa isiwe pambo; waandaaji wengi hawatakuruhusu kuanza bila hiyo, pamoja na kizima moto na swichi ya kukata umeme wote inayofikika kutoka nje.

Kuhusu umeme nitasema kifupi. Winchi ya volti 12 ikivuta kwa nguvu zake zote hunywa zaidi ya ampea 400, na altaneta yako haitoi hata nusu ya hizo. Kinachovuta gari ni betri. Kwa hiyo betri mbili, nyaya nene, na mapumziko kati ya mvuto na mvuto. Weka kiganja kwenye mota: kama huwezi kukishikilia hapo, iache ipoe. Winchi za haidroliki hazichoki hivyo, ila injini ikizimika ndani ya maji huna winchi tena, na injini huzimika ndani ya maji.

Kamba za nyuzi za plastiki ngumu zimechukua nafasi ya waya kwenye mashindano mengi, na ninafurahi. Ni nyepesi mno, zinaelea majini, na zikikatika hazirushwi kwa ukali wa waya. Adui zao ni miamba yenye makali, jua, na joto. Nyuzi zile huyeyuka karibu na nyuzijoto 150, na winchi nyingi zina breki ndani ya dramu, ambayo hupata moto sana unapolishusha gari kwa kulegeza kamba chini ya mzigo. Shusha kidogo, pumzika, shusha tena. Kwenye dramu acheni mizunguko isiyopungua minane, maana kamba hizi huteleza kuliko waya.

Jambo moja linaloharibu siku nyingi: kamba iliyolegea. Mwelekezi amefungua mtini, dereva ana haraka, anaondoka kabla kamba haijaingia. Inaingia chini ya tairi, inajizungusha kwenye ekseli, na timu imekwisha. Kama hakuna muda wa kuizungusha vizuri, mwelekezi aishike mkononi juu ya boneti akitembea mbele ya gari, na dereva aende kwa mwendo wake.

Kama hujawahi kushindana, jitolee kwanza kuwa msimamizi wa kituo. Utakaa sehemu moja ukitazama timu baada ya timu zikijaribu shimo lilelile, na utaona kwa macho yako nani anafikiri kabla ya kushuka. Kisha ingia daraja la magari ya kawaida, ukiwa na winchi moja na kapi moja. Vifaa vingine vitakuja ukishajua unavihitaji kwa kazi gani.

Baada ya mashindano, kazi ya kamba haijaisha. Itoe yote, ioshe kwa maji safi bila sabuni kali, kwani mchanga uliojificha ndani husaga nyuzi kila inapokaza. Ianike kivulini. Ipitie yote kwa vidole bila glavu, ukitafuta sehemu ngumu zilizoyeyuka au zilizokonda. Sehemu mbaya hukatwa na ncha mbili huunganishwa upya kwa kusukwa, si kwa fundo. Fundo hupunguza nguvu ya kamba vibaya sana. Ukimaliza, irudishe kwenye dramu ikiwa imekazwa kwa kulivuta gari lenyewe kwenye mteremko mdogo, ili tabaka la juu lisizame katikati ya yale ya chini siku utakapoihitaji.