Kidude cha Zigbee kinapotea umeme ukirudi

SWALI: Mhariri, nyumbani Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo) inaendesha taa na pampu ya maji kupitia kidude cha USB cha Zigbee (mawasiliano ya redio ya vifaa vya nyumbani). Umeme ukikatika na kurudi, programu inadai haikioni. Nikikichomoa na kukichomeka tena, mara kinakubali, mara kinagoma. Kimekufa? – Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Usinunue kingine kwanza. Kwenye terminali ya Pi (dirisha la kuandika amri) andika `ls -l /dev/serial/by-id/`. Likitokea jina refu, kompyuta inakiona. Kilichobadilika ni namba tu kwenye jina ambalo mfumo hukipa kila kikiwashwa. Jana kilikuwa ttyUSB0, leo kifaa kingine, tuseme modemu ya intaneti, kimewahi namba hiyo, chenyewe kimekuwa ttyUSB1. Kwenye mipangilio ya programu futa `/dev/ttyUSB0`, weka njia yote ya by-id, yaani `/dev/serial/by-id/` pamoja na lile jina refu. Hiyo haibadiliki hata ukihamisha tundu.

Pasipotokea kitu, endesha `sudo dmesg -w`, inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo, huku ukikichomeka. Ukiona “Under-voltage detected!”, adapta ni dhaifu: Pi 4 inataka volti 5, ampea 3, na chaja nyingi za simu hazifiki hapo.

Tena, kitoe kwenye tundu la bluu, yaani la USB 3.0. USB 3.0 inatoa kelele za redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Zigbee, na taa za mbali zitakatika hovyo. Tumia tundu jeusi na waya wa kurefusha wa mita 1.