Unaanza kazi kwenye dawati la safari? Masharti ya meli yasome kutoka ngazini kurudi nyumbani

Ofisi nyingi za safari hapa Kampala humweka mgeni wa kazi kwenye tiketi za ndege kwanza, kwa sababu ndizo zinazouzika. Safari ya meli ya kitalii huja mara moja moja: mzee aliyestaafu na mkewe, watoto walioko Boston wanaomlipia mama yao, kikundi cha kanisa kinachotoka kuhiji na kutaka siku chache za Mediterania. Kwa kuwa huja kwa nadra, hakuna anayekaa kukufundisha, na ndiyo inayoharibika vibaya. Mimi nilikuwa kwenye dawati hili kabla ya korona. Masharti ya chanjo na barakoa nimeyaona yakiingia, yakibadilika kabla wino haujakauka, kisha yakiondoka. Niliyojifunza wakati ule ndiyo ninayowapa wageni wa kazi hadi leo, ijapokuwa barakoa haiulizwi tena.

Kubwa ni hili: usiyasome masharti kuanzia uwanja wa ndege wa Entebbe kwenda mbele. Anza kwenye ngazi ya kupandia meli, urudi nyuma hadi mlangoni kwa abiria. Nchi yetu haina bahari. Abiria wetu hufika bandarini akiwa tayari amepita mikono ya watu wengi, na kila mmoja wao alitaka karatasi yake. Anayeanza kwa kuuliza "ndege inataka nini?" atamfikisha abiria Miami au Barcelona salama salimini, halafu huko atamwacha chini ya meli na mabegi yake.

Kwanza ujue kwa nini meli zilikuwa kali kuliko hoteli. Februari 2020 meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Walioambukizwa walifika 712, na karibu nusu yao walikuwa hawana dalili yoyote siku waliyopimwa. Hapo ndipo kupima joto la paji la uso kulipopoteza maana. Katika meli watu hula ukumbi mmoja, hupanda lifti zilezile, wazee ni wengi, na wafanyakazi hulala wawili watatu katika chumba chembamba. Mwezi uliofuata, tarehe 14 Machi, Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, CDC, kikazuia safari zote za meli za kitalii katika maji ya nchi hiyo. Meli ya kwanza kubwa kutoka tena kwenye bandari ya Marekani na abiria wa kulipa ilikuwa Celebrity Edge, kutoka Fort Lauderdale, tarehe 26 Juni 2021. Mteja akikulalamikia kwamba meli "wanajifanya", mpe hesabu hizo kwa utaratibu, bila kumkejeli.

Sasa tabaka zenyewe. Kuna kampuni ya meli, kuna serikali ya bandari ya kupandia, kuna kila nchi ambayo meli itatia nanga, na kuna shirika la ndege litakalompeleka. Wakati wa korona wanne hawa hawakupatana. Florida ndiyo darasa zuri. CDC iliziambia kampuni kwamba zikiwa na asilimia 95 ya abiria na asilimia 98 ya wafanyakazi waliochanjwa, hazitalazimika kufanya safari za majaribio kwanza. Jimbo la Florida nalo likapitisha sheria ya kukataza biashara kumdai mteja uthibitisho wa chanjo. Kampuni ya meli ya Norwegian ikaenda mahakamani, na tarehe 8 Agosti 2021 jaji akairuhusu kwa muda iendelee kudai uthibitisho. Mwezi uliofuata Bahamas nayo ikataka kila abiria wa meli ya kitalii mwenye miaka 12 na kuendelea awe amechanjwa. Basi mteja aliyekaa mbele yako na simu mkononi, akikuonyesha habari kwamba "Florida wamefuta chanjo", alikuwa anasema kweli, na bado angerudishwa. Anayeshinda ni yule mkali kuliko wote njiani. Na kampuni ya meli ina haki ya kuwa kali kuliko serikali zote hizo, maana chombo ni chake.

Kwa hiyo usimjibu mteja kwa habari za redioni wala za kikundi cha WhatsApp. Fungua ukurasa wa safari hiyo hiyo, wa tarehe hiyo hiyo, si wa kampuni kwa jumla. Uchapishe, na uandike juu yake kwa kalamu siku uliyousoma. Wiki moja kabla ya safari usome tena. Yakibadilika, mpigie simu. Ujumbe mfupi hautoshi. Mama wa miaka sabini hasomi ujumbe wako, anausomewa na mjukuu akirudi shule.

Kwenye cheti ndipo utakapotumia muda wako mwingi. Chanjo za kwanza ziliingia Uganda tarehe 5 Machi 2021, dozi 864,000 za AstraZeneca zilizotengenezwa India, na kuchanja kukaanza tarehe 10. Waliochanjwa mapema walipewa kadi ya kujazwa kwa mkono. Chukua kadi ya hajati mmoja aliyekuja kwetu akielekea kwa bintiye Marekani: imekunjwa mara nne, imefungwa kwenye leso ndani ya mkoba, mkunjo umepita juu ya namba ya toleo, na penye jina pameandikwa "Hajati" na jina lake la pili tu. Dozi ya kwanza 20/03/2021, ya pili 11/06/2021. Kwetu sisi kadi hiyo haina shida, wiki kumi na mbili hivi kati ya dozi na dozi, kama ilivyoelekezwa. Mpe Mmarekani. Yeye huanza na mwezi. Ya kwanza hataiweza, maana hakuna mwezi wa ishirini. Ya pili ataisoma tarehe 6 Novemba, na huyu mama anataka kupanda meli Septemba. Kwa macho ya binti wa mapokezi bandarini, amechanjwa siku ambayo haijafika.

Binti yule hana ubaya. Ana foleni ya watu elfu mbili nyuma ya hajati, na hajawahi kuona muhuri wa kituo cha afya cha Uganda. Kadi hiyo inamfikia mtu asiyetujua, na hapo hakuna wa kumfafanulia. Tiba yake ilikuwa kwenda kuchukua cheti cha kuchapishwa kutoka mfumo wa Wizara ya Afya, chenye msimbo wa QR, jina likifuata pasipoti herufi kwa herufi. Palipobaki tarehe za namba tupu, abiria alibeba barua ya kituo kilichomchanja ikiwa na mwezi ulioandikwa kwa maneno. Tabia hiyo usiiache hata leo: popote unapoandika tarehe ya kusomwa ng'ambo, andika 11 Juni, usiandike 11/06.

Majina ni msalaba wetu mwingine. Wengi wetu tuna jina la ukoo, jina la dini, na jina tunaloitwa mtaani, na muuguzi mwenye watu mia uwanjani aliandika alilolisikia. Linganisha kadi na pasipoti siku mteja anapolipa malipo ya awali. Usingoje wiki ya safari, kwa sababu kusahihisha jina wizarani kunakula siku, na mteja, ssebo wako, atakuja juu kwako wewe, si kwa muuguzi.

Hesabu ya siku nayo ina mtego. "Aliyekamilisha chanjo" hakuwa aliyechomwa dozi ya mwisho jana. Zilitakiwa wiki mbili zipite. Hajati wetu alihesabiwa kuwa amekamilisha kuanzia tarehe 25 Juni, si 11. Aliyechomwa Johnson & Johnson dozi moja naye alingoja wiki mbili hizo hizo. Wengi walikimbilia chanjo baada ya kununua tiketi, kisha wakashangaa.

Aina ya chanjo ilileta uchungu zaidi. Ile AstraZeneca ya India, Covishield, ilikuwa imeidhinishwa na Shirika la Afya Duniani tangu Februari 2021. Hata hivyo Umoja wa Ulaya ulipoanza cheti chake cha kidijitali tarehe 1 Julai 2021, chanjo hiyo haikuwa kwenye orodha ya dawa zilizoidhinishwa na mamlaka yao, ingawa nchi moja moja ziliweza kuikubali. Dawa ni ile ile, kiwanda tofauti. Umoja wa Afrika ulilalamika, na kwa haki kabisa. Mimi hadi leo naona lile lilikuwa jambo la aibu: watu waliochanjwa kwa dozi zilizoletwa na mpango wa kimataifa wakaambiwa mlangoni kwamba dozi hizo wenyewe hawazitambui. Lakini hasira yako haimpandishi abiria melini. Kazi yako ilikuwa kujua bandari ipi imeikubali, na kumbadilishia mteja njia mapema. Waliochanganya dozi, ya kwanza AstraZeneca na ya pili aina nyingine kwa sababu ya uhaba, walipata taabu hiyo hiyo kwenye baadhi ya meli katikati ya 2021, nao hata Wakanada walikuwamo.

Halafu vyeti vya bandia. Utaambiwa, kwa sauti ya chini, kwamba kuna mtu Nasser Road, mtaa wa wachapishaji hapa Kampala, anaweza "kusaidia". Mwambie mteja hapana, na umweleze sababu ya kibiashara, si mahubiri: msimbo ukiskaniwa usifunguke, anayepoteza nauli yote ni yeye, na jina la ofisi yako ndilo lililoandikwa kwenye nafasi aliyowekewa melini. Kati ya Mei na Juni 2021 watu wasiopungua 800 hapa nchini walichomwa maji wakidhani ni chanjo, wakatozwa na pesa. Wengine wao walikuwa waaminifu kabisa. Kwa hiyo muulize mteja alichanjiwa wapi, na kama alilipia. Chanjo ya serikali ilikuwa bure.

Barakoa, kwa upande wake, ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifuata. Sisi tuliizoea kwenye taksi zilizobeba watu saba badala ya kumi na wanne, wakati kondakta akishusha yake kidevuni ili aite abiria vizuri. Kwenye meli hukuwa na kondakta wa kukuonea huruma. Ilivaliwa kwenye lifti, maduka, ukumbi wa maonyesho na jengo la bandarini. Ilivuliwa chumbani mwako, na ukiwa umeketi unakula au unakunywa. Meli zilizokuwa karibu zote na waliochanjwa zililegeza, kisha Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, ikaingia mwishoni mwa 2021 na barakoa zikarudi. Aliyeondoka Kampala na habari za Oktoba alifika bandarini Januari akakuta mambo mengine.

Kosa kubwa lilikuwa la kitambaa. Ujerumani, tangu mapema 2021, ilidai barakoa za hospitali au zile nzito za kuchuja hewa, FFP2, ndani ya ndege na treni. Ya kitambaa, ya kitenge kizuri iliyoshonwa na jirani, haikukubaliwa. Yenye valvu nayo CDC haikuihesabu. Tulikuwa tukiwaambia wateja: beba pakiti nzima ya zile za hospitali kwenye mkoba wa mkononi, kitenge utavaa kwenye picha.

Kama unadhani haya ni ya matajiri wa meli tu, waulize madereva wa malori. Januari 2022 pale Malaba, mpakani na Kenya, waligoma kwa sababu ya kipimo walichodaiwa kulipia dola 30 waingie Uganda. Foleni ikarefuka upande wa Kenya, na petroli hapa ikapanda hadi boda wakapandisha nauli.

CDC ilifunga mpango wake wa korona kwa meli Julai 2022, na Marekani ikaacha kudai chanjo kwa wageni wa ndege Mei 2023. Hilo lisikulaze. Sisi tunatoka nchi ya homa ya manjano, na visiwa vingi vya Karibi humtaka anayetoka kwetu aonyeshe kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa hiyo. Inaanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya kuchomwa. Tangu tarehe 11 Julai 2016 inahesabika ya maisha, hata ile ya zamani iliyoandikwa kwamba inaisha baada ya miaka kumi. Bado utakutana na ofisa anayebishana. Mteja mwenye kadi ya zamani mpe tamko la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa, alikunje ndani ya pasipoti.

Na kuna Ebola. Ilipotangazwa Mubende Septemba 2022, mwezi uliofuata Marekani ikaamua wote waliokuwa Uganda ndani ya siku 21 washukie kwenye viwanja vitano tu, vikiwamo JFK wa New York na Atlanta. Aliyekuwa na tiketi ya kushukia Miami moja kwa moja kuelekea melini ilibidi ibadilishwe, wakati meli haimngoji mtu. Ilitangazwa tena, safari hii Kampala penyewe, Januari 2025. Ukisikia tangazo la namna hiyo, siku hiyo hiyo toa majina ya wote wanaosafiri mwezi huo, uanze kupiga simu. Na kwa safari za meli, siku zote mfikishe abiria mjini mwa bandari siku moja kabla, hata akikunung'unikia bei ya hoteli.

Fomu ya afya ya meli ajaze mwenyewe. Utaombwa uijaze, hasa na wazee: "Mwanangu, wewe jaza tu, weka hapana kote." Kaa kando yake, msomee swali kwa lugha anayoielewa, Kiswahili au Luganda, lakini jibu litoke kinywani mwake na kidole kiwe chake. Lile swali la nchi ulizopitia katika siku 21 zilizopita husahaulika na watu wa Arua na Kasese, karibu na Kongo, waliovuka mpaka kwenda mazishini na kurudi jioni, maana kwao hiyo si safari.